Mtu Mwenye Ulemavu wa Akili Anapokabiliwa na Kesi ya Jinai: Msaada Uanze Saa za Mwanzo

Miongoni mwa wananchi wanaofikishwa katika vituo vya polisi na mahakamani wamo watu wenye ulemavu wa akili. Baadhi yao hufika kwa tuhuma za wizi mdogo, uharibifu wa mali, kuingia katika eneo la mtu bila ruhusa au ugomvi. Wengine hufika kwa sababu wao ndio waliotendewa uhalifu. Tafiti za kimataifa hukadiria kuwa takriban mtu 1 katika kila watu 100 ana ulemavu huu, na kwa hiyo ni vigumu kuipata kata isiyo na familia inayohusika.

Hata hivyo, ulemavu wa akili mara nyingi hauonekani kwa macho. Askari anayekamata, mpelelezi anayehoji na hakimu anayesoma shitaka wanaweza kumwona mtu mzima mwenye afya ya mwili, anayesalimia vizuri na kujibu anapoulizwa, wasitambue kuwa hakuelewa swali. Makala haya yanaeleza hatari anazokutana nazo mtu huyo, haki alizo nazo kisheria na huduma zinazoweza kumsaidia. Yanaeleza pia kwa nini taarifa ya familia katika saa za mwanzo ndiyo inayofungua milango mingine yote.

Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili

Katika mazungumzo ya kila siku mambo haya mawili huchanganywa, na wanaoyapata huitwa kwa majina yaleyale ya kudhalilisha. Ulemavu wa akili huanza utotoni, wakati ubongo ukiendelea kukua. Mtu hujifunza kwa taratibu zaidi kuliko wenzake, hupata ugumu katika kuhesabu fedha, kukumbuka tarehe, kupanga mambo au kutambua nia mbaya ya mtu mwingine. Hali hiyo hudumu maishani. Haina dawa ya kuiondoa, lakini mafunzo na usaidizi humwezesha mtu kujitegemea kwa kadiri ya uwezo wake.

Ugonjwa wa akili, kwa upande wake, unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, pamoja na yule aliyewahi kuwa na uelewa mkubwa. Sonona, wasiwasi uliopitiliza na magonjwa yanayomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo ni mifano yake. Magonjwa haya hutibiwa kwa ushauri nasaha, kwa dawa au kwa vyote viwili.

Tofauti hii ina uzito mkubwa katika kesi ya jinai. Mtu mwenye ulemavu wa akili akichukuliwa kuwa mgonjwa wa akili tu, atapelekwa kutafutiwa tiba ya kitu kisichotibika kwa dawa, huku msaada anaouhitaji, yaani maelezo rahisi, muda wa kutosha na mtu anayemwamini karibu naye, ukikosekana. Kosa la upande wa pili nalo lina madhara. Mtu mwenye ulemavu wa akili anaweza pia kuugua ugonjwa wa akili, na ipo hatari hiyo zaidi kwake kuliko kwa wengine. Anapoacha kula, anapokosa usingizi au anapojipiga, watu husema, “Ndivyo alivyo tangu kuzaliwa,” na ugonjwa unaotibika huachwa uendelee.

“Ndiyo” isiyo na maana ya kukiri

Methali isemayo “Kataa neno, usikatae mwito” humtaka mtu aende anakoitwa, kisha akalikatae huko lile asilolikubali. Kwa mtu mwenye ulemavu wa akili, sehemu ya kwanza ya methali ni nyepesi. Ataitika mwito wa mtendaji, wa mgambo au wa polisi bila ubishi. Sehemu ya pili ndiyo inayomshinda. Tangu utotoni amezoea kuwakubalia wakubwa ili wasimkasirikie na ili maswali yaishe. Amejifunza pia kuficha kutoelewa kwake, kwa kuwa kila alipokiri kuwa hajaelewa alichekwa.

Akiwa mbele ya mpelelezi, tabia hiyo hugeuka kuwa hatari. Akiulizwa, “Wewe ndiye uliyechukua, sivyo?” anaweza kujibu “Ndiyo” kwa sababu swali lenyewe limeonesha jibu linalotakiwa. Kiswahili nacho kina mtego wake. Mtu akiulizwa, “Hukuwepo pale dukani?” akajibu “Ndiyo,” anaweza kuwa anakubali kwamba hakuwepo, lakini jibu hilo likiandikwa kwa haraka huweza kusomeka kuwa alikuwepo. Saa na tarehe nazo humchanganya, na mpelelezi asiyejua hali yake anaweza kudhani kuwa anabadilisha maelezo makusudi. Mwishoni husomewa maelezo ya onyo, akaweka dole gumba, akatumaini kuwa sasa ataruhusiwa kwenda nyumbani.

Wapo pia wahalifu wanaoutumia udhaifu huo. Kijana mwenye ulemavu wa akili anaweza kupewa mzigo aubebe, au kuwekwa mlangoni alinde, na watu anaowaona kuwa marafiki zake. Wakati wa kukamatwa, wao hukimbia na yeye hubaki amesimama na mzigo wa wizi mkononi.

Kwamba kukiri kwa namna hii kunaweza kumtia hatiani mtu asiye na kosa ni jambo lililokwisha kuthibitika mahali pengine. Mwaka 1972, mtu mmoja aliuawa kusini mwa jiji la London nchini Uingereza. Vijana watatu walihojiwa na polisi bila wazazi wao kuwepo, nao wakakiri. Mkubwa wao alikuwa na umri wa miaka 18, lakini uelewa wake ulikadiriwa kuwa sawa na wa mtoto wa miaka 8. Wote watatu walitiwa hatiani. Mwaka 1975 mahakama ya rufaa iliwafutia hatia, baada ya kubainika kuwa ushahidi wa saa ya kifo haukulingana na maelezo waliyoyatoa. Uchunguzi uliofuata ulichangia kutungwa kwa sheria ya mwaka 1984 kuhusu mamlaka ya polisi na ushahidi. Chini ya utaratibu uliotokana na sheria hiyo, mtu mwenye ulemavu wa akili huhojiwa akiwa na mtu mzima wa kumsaidia kuelewa na kueleweka.

Haki zilizopo na pengo lake

Nchini Tanzania, Ibara ya 13 ya Katiba inatamka kuwa watu wote ni sawa mbele ya sheria, na kwamba mtuhumiwa hatatendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa anayo hatia. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mkataba huo unazitaka nchi ziweke mazingira yanayomwezesha mtu mwenye ulemavu kushiriki katika mashauri, kuanzia hatua ya upelelezi.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imeweka ulinzi kwa kila anayekamatwa. Muda wa msingi wa mahojiano ni saa 4 tangu mtu alipowekwa chini ya ulinzi, na kuuongeza kuna utaratibu wake. Mtuhumiwa anapaswa kuelezwa kosa analotuhumiwa na kuonywa kuwa halazimiki kujibu maswali. Ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Sheria ya Ushahidi nayo inautaka upande wa mashtaka uthibitishe kuwa maelezo ya kukiri yalitolewa kwa hiari.

Pengo lipo katika neno moja. Haki ya kuwasiliana na ndugu hutolewa pale mtuhumiwa anapoomba. Mtu asiyejua kuwa anaruhusiwa kuomba, au anayeogopa kufungua kinywa, hataomba. Mtoto aliye chini ya miaka 18 ana utaratibu wa pekee chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Mtu wa miaka 30 ambaye uelewa wake ni kama wa mtoto huhesabiwa kuwa mtu mzima, isipokuwa pale ambapo mtu fulani amesema mapema kwamba hali yake ni tofauti. Mtu huyo karibu siku zote ni mzazi, ndugu, jirani au kiongozi wa mtaa.

Kwa sababu hiyo, familia inapopata habari za kukamatwa inashauriwa kwenda kituoni bila kuchelewa na kumweleza mkuu wa kituo kwa maneno ya wazi kuwa mtuhumiwa ana ulemavu wa akili, anaelewa nini na haelewi nini. Familia iombe taarifa hiyo iandikwe katika jalada, na iombe ndugu mmoja awepo wakati wa mahojiano. Ikiwa mahojiano yamekwisha kufanyika, taarifa bado itolewe, kwa kuwa itamfikia mwendesha mashtaka na mahakama. Dhamana ya polisi, pale kosa linaporuhusu, haina malipo. Anayekamatwa bila hati kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo hapaswi kukaa kituoni zaidi ya saa 24 bila kufikishwa mahakamani au kuachiwa kwa dhamana, iwapo mazingira yanaruhusu.

Afya ya akili ndani ya mahabusu

Mahabusu humwumiza kila anayeingia, lakini humwumiza zaidi yule ambaye maisha yake yanashikiliwa na mazoea. Mtu mwenye ulemavu wa akili hutegemea saa ileile ya kula, kitanda kilekile na sura zilezile. Akikuta kelele, giza na watu asiowajua, anaweza kuzubaa, kupiga kelele, kujiumiza au kukataa chakula. Wenzake wanaweza kumnyang’anya chakula na nguo, kumpiga au kumdhalilisha, naye asijue namna ya kulalamika. Ukaidi unaoonekana kwa askari mara nyingi ni hofu.

Jambo la dharura zaidi ni kifafa, ambacho huwapata watu wenye ulemavu wa akili kwa kiwango kikubwa kuliko watu wengine. Anayetumia dawa kama fenobabitoni au kabamazepini akizikosa ghafla anaweza kupata degedege mfululizo, hali inayoweza kuua. Familia inapaswa kufikisha dawa pamoja na kadi ya kliniki siku hiyohiyo, kumkabidhi askari wa zamu na kumweleza saa za kumeza. Ikiwa mtuhumiwa amehamishiwa gerezani, taarifa hiyohiyo ifikishwe kwenye zahanati ya gereza.

Ndugu wanaomtembelea wamtazame kwa makini. Mtu mwenye ulemavu wa akili anaweza kushindwa kusema “Nina huzuni,” lakini mwili na mwenendo wake husema. Dalili za kuangalia ni kukonda, kulala kupita kiasi au kutolala kabisa, kuacha mambo aliyoyapenda, kujikojolea wakati zamani hakufanya hivyo, kulia bila sababu inayoonekana, alama za majeraha, na maneno ya kutaka kufa. Kigezo chepesi ni mabadiliko, yaani lile ambalo hakuwa nalo kabla ya kukamatwa. Anayemjua tangu utotoni ndiye awezaye kulitambua, na anapoliona aombe apelekwe kwa mtaalamu wa afya.

Msaada usiishie siku ya kuachiwa. Baadhi hurudi nyumbani wakiwa na hofu ya kila mwenye sare, wakikataa kutoka nje au wakiota ndoto za kutisha. Kliniki ya afya ya akili inaweza kuwasaidia, na ushauri nasaha ukitolewa kwa maneno rahisi, vikao vifupi na picha, nao hufaidika kama watu wengine.

Hatua za mahakamani

Mahakama ikiwa na sababu ya kuamini kuwa mshtakiwa hana utimamu wa akili unaomwezesha kujitetea, sheria inaitaka ifanye uchunguzi wa jambo hilo kabla ya kuendelea. Inaweza kuamuru apelekwe hospitali ya magonjwa ya akili, ambako mganga anapaswa kuandaa taarifa ndani ya siku 42. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe mkoani Dodoma, pamoja na Taasisi yake ya Isanga, ndiyo inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo.

Familia inapaswa kufahamu maana ya hatua hiyo. Mtu anayeonekana hawezi kujitetea, au aliyetenda tendo akiwa hana utimamu wa akili, anaweza kuamriwa kuhifadhiwa hospitalini. Mgonjwa hutibiwa, akapata nafuu na kuruhusiwa. Ulemavu wa akili haupati nafuu ya namna hiyo, na mtu aliyeshitakiwa kwa kosa dogo anaweza kuzuiwa kwa muda mrefu kuliko ambavyo kifungo chake kingekuwa. Kwa hiyo ni muhimu taarifa ya mtaalamu itenganishe bayana kati ya ulemavu na ugonjwa, na ieleze msaada ambao ungemwezesha mshtakiwa kuifuata kesi yake. Kwa makosa yanayodhaminika, mahakama inaweza kumwachia kwa dhamana ikiridhika kuwa atatunzwa na kuzuiwa asijidhuru wala kuwadhuru wengine. Mdhamini mwenye mpango wa matunzo unaoeleweka ana uzito hapo.

Zipo njia nyingine zisizo gereza. Katika makosa ya shambulio la kawaida au yenye sura ya binafsi yasiyo makubwa, mahakama inaweza kuhimiza upatanisho baina ya pande mbili. Chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, mtu anayestahili kifungo kisichozidi miaka 3 anaweza kupewa adhabu ya kufanya kazi za kijamii badala yake. Afisa wa Huduma za Uangalizi huandaa taarifa kuhusu maisha ya mshtakiwa, na huko familia, majirani na viongozi wa mtaa huulizwa. Majibu yao yawe ya kweli na yenye maelezo ya kutosha.

Ieleweke pia kuwa msaada huu haumaanishi kufuta kosa. Aliyeibiwa au kujeruhiwa ana haki yake, na haki hiyo hutimia pale aliyetenda anapopatikana kwa ushahidi wa kweli. Mtu mwenye ulemavu wa akili anapohukumiwa kwa kosa asilolitenda, mtenda kosa halisi huendelea kuzunguka mitaani.

Nani aendewe

Msaada ndani ya wilaya umegawanyika katika ofisi kadhaa, na mwananchi anaweza kuanzia kwa yoyote iliyo karibu.

Mtendaji wa Mtaa au Kijiji huandika barua ya utambulisho, na anaweza kuihusisha kamati ya watu wenye ulemavu ya ngazi hiyo, iliyowekwa chini ya Sheria ya 2010.

Afisa Ustawi wa Jamii huchunguza hali ya familia, huandaa taarifa ya ustawi na huweza kufuatana na ndugu kituoni au mahakamani. Mwathirika wa ukatili mwenye ulemavu wa akili apelekwe pia Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Sheria ya Ushahidi haimzuii kutoa ushahidi kwa sababu tu ya ulemavu wake, mradi anaelewa anayoulizwa na anaweza kuyajibu.

Mratibu wa Afya ya Akili wa Wilaya huelekeza mahali pa kupata uchunguzi, dawa na rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa.

Afisa Maendeleo ya Jamii huwaunganisha wananchi na watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wasaidizi wa kisheria hutoa elimu na maelekezo bila malipo, ingawa hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili. Katika kesi ya jinai, hakimu akiona kuwa haki inahitaji mshtakiwa asiye na uwezo apate msaada wa kisheria, anaweza kuelekeza apewe. Familia inaweza kumwomba hakimu alizingatie jambo hilo.

Maandalizi kabla ya tatizo

Familia nyingi huficha ulemavu wa ndugu yao kwa aibu au kwa hofu ya kusemwa. Siku ya kukamatwa, siri hiyo humgeukia yeye. Hakuna kadi, hakuna barua na hakuna kiongozi anayeijua hali yake, na maelezo ya mama aliyefika kituoni huonekana kama kisingizio cha kumwokoa mwanawe.

Inafaa kila familia iweke mahali pamoja kadi ya kliniki, majina ya dawa, na barua au taarifa kutoka shule yenye kitengo cha elimu maalumu kama aliwahi kusoma huko. Atambulishwe kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa Polisi Kata akiwa hana tatizo lolote. Atembee na karatasi ndogo yenye jina lake, namba ya simu ya ndugu na maneno machache kuhusu hali yake. Naye afundishwe, kwa kurudiarudia nyumbani, sentensi tatu: “Sijaelewa,” “Naomba mumpigie ndugu yangu,” na “Sijui.” Mtu aliyezoea kuambiwa nyumbani kwamba si kosa kusema hajui, atakuwa na ujasiri wa kulisema neno hilo mbele ya mpelelezi.

Majirani nao wana sehemu yao. Anayemwona mtu wa namna hiyo akikamatwa, au akizingirwa na kundi la watu wenye hasira, asinyamaze. Awaambie waliopo hali yake, amjulishe mtendaji, na aifikishe habari kwa familia upesi, kabla maelezo hayajaandikwa.